Sheria ya Maji ya Mvua Ianze na Mapaa Makubwa

Kila mgao wa maji unapotangazwa katika miji yetu, hoja ileile huibuka. Mvua inanyesha kila mwaka, wananchi wanaiangalia ikikimbilia baharini, kisha wanalalamika kuwa bomba halitoi maji. Basi walazimishwe. Zitungwe sheria ndogo, kila nyumba iwe na gata na tangi. Anayetaka kujenga asipewe kibali mpaka michoro yake ioneshe mfumo wa kuvuna mvua, na aliyekwisha kujenga apewe muda, ukipita atozwe faini. Utaisikia hoja hii kwenye mabaraza ya madiwani, kwenye vipindi vya asubuhi vya redio na kwenye vikao vya wahandisi. Wizara ya Maji nayo imekuwa ikizitaka halmashauri zitunge sheria ndogo za namna hiyo. Imekubalika kiasi kwamba anayeipinga huonekana anayapinga maji yenyewe.

Mimi naipinga, na naipinga kwa sababu nataka maji ya mvua yakingwe kweli. Ninachokikataa ni dhana iliyo chini ya hoja hiyo: kwamba kinachokosekana majumbani ni utashi, na kwamba faini italeta utashi huo. Kinachokosekana ni mahali pa kuyaweka maji. Ni ghala, na ghala ni fedha. Sheria isiyolitambua hilo itatuletea magata ya kumwonyesha mkaguzi, itawatoza watu ambao hawajawahi kuacha kukinga, na itayaacha mapaa makubwa ya mji yaendelee kumwaga maji barabarani bila kuulizwa.

Anayedhani watu hawajui kukinga mvua hajaishi uswahilini wakati wa masika. Maji yakianza kuchuruzika kwenye bati, ndoo, madumu, mabeseni na masufuria hutoka nje mara moja. Kipande cha bati hukunjwa, kikafungwa kwa waya kwenye kenchi, kikapeleka maji kwenye pipa. Hakuna afisa aliyeagiza. Vyombo vikijaa, mama wa nyumba humimina maji kwenye kila kilicho kitupu ndani, na vya ndani vikijaa pia hana la kufanya ila kuyaacha mengine yaende. Huyo ndiye anayeitwa mzembe katika vikao vyetu.

Pwani yetu ina historia ndefu ya jambo hili. Katika visiwa vya Lamu, ambako maji ya chumvi visimani ni tatizo la tangu zamani, watu walijenga majabia: sakafu pana za kukusanya mvua na kuielekeza kwenye hodhi la kuihifadhi. Misikiti na nyumba za mawe zilikuwa na mabirika, na ndani yake walifugwa samaki wadogo wa kula viluwiluwi vya mbu. Waliojenga majabia walijua kwamba mvua ya miezi michache haina faida bila chombo cha kuifikisha kiangazi, na wakajua kuwa chombo hicho ni kazi ya jamii nzima, si mzigo wa kila kaya peke yake.

Kwenye miaka ya 1960 na 1970, wanawake wa Kenya ya kati walianzisha vikundi vilivyojulikana kama vikundi vya mabati. Walichangishana na kuezekeana nyumba, moja baada ya nyingine, wakiondoa nyasi na kuweka bati. Bati liliwapa paa lisilovuja, na liliwapa pia maji safi mlangoni. Baadaye vikundi vya namna hiyo vikaingia kwenye kununuliana matangi. Hakuna aliyewatisha kwa faini. Walichokuwa nacho ni utaratibu wa kukusanya fedha ambazo hakuna mmoja wao angeweza kuzipata peke yake.

Sheria ya nchi pia haikuwahi kuwa kizuizi. Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya 2009 inayaweka maji yote ya Tanzania Bara chini ya udhamini wa Rais kwa niaba ya wananchi, lakini inamruhusu mwenye ardhi au anayeikalia kujenga miundo ya kuhifadhi mvua na kuyatumia maji hayo nyumbani bila kibali cha kutumia maji. Hali si hiyo kila mahali. Katika jimbo la Colorado nchini Marekani, kwa kaya nyingi kuweka pipa chini ya gata lilikuwa kosa hadi mwaka 2016, kwa sababu mvua ilihesabiwa kuwa mali ya wenye haki za maji huko chini ya mto. Hata sasa kaya inaruhusiwa mapipa mawili tu, yasiyozidi jumla ya galoni 110, yaani lita 416 hivi. Huko ilikuwa sawa kusema sheria ndiyo iliyokwamisha, na sheria ndiyo ingefungua. Kwetu mlango umekuwa wazi wakati wote. Kama watu hawajapita, lazima tuulize nini kingine kimewazuia.

Jibu liko kwenye hesabu, na hesabu hii ndiyo watetezi wa faini hawaifikishi mwisho.

Chukua nyumba ya kawaida ya Dar es Salaam, yenye paa linalofunika mita 80 za mraba. Mvua ya mwaka mjini humo ni wastani wa milimita 1,100 hivi. Tuchukue 1,000 ili tuwe waangalifu. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Paa hilo basi hupokea lita 80,000 kwa mwaka. Ondoa sehemu ya tano kwa yanayorukia nje, yanayovuja na yanayokauka juu ya bati la moto, zinabaki lita 64,000. Familia ya watu watano, kila mmoja akitumia lita 20 kwa siku, huhitaji lita 100 kwa siku, ambazo kwa mwaka ni lita 36,500. Paa linatoa zaidi ya hapo kwa mbali. Hapa ndipo wengi huweka kalamu chini na kuanza kulaumu.

Lakini mvua haiji lita mia moja kila siku. Inakuja kwa masika, kuanzia Machi hadi Mei, na kwa vuli, kuanzia Oktoba hadi Desemba. Kati ya Juni na Septemba ni kidogo mno. Siku hizo 120 peke yake zinahitaji lita 12,000 zilizokwisha kuwekwa akiba. Tangi la lita 1,000, ambalo ndilo kaya ya kipato cha kati hujitahidi kununua, hujazwa na mvua moja ya milimita 16 na huisha siku ya kumi baada ya mvua kukatika. Mvua ya pili ya wiki hiyohiyo inamwagika yote. Paa limefanya kazi yake, gata limefanya kazi yake, matakwa ya mkaguzi yametimizwa, na Julai familia inanunua maji ya boza kama jirani yake asiye na tangi.

Sasa hamisha nyumba hiyohiyo Dodoma. Huko mvua ni milimita 570 hivi kwa mwaka, na karibu yote hunyesha kati ya Desemba na Aprili. Kiangazi ni miezi saba. Paa lilelile la mita 80 litatoa lita 36,000 na ushei, karibu sawa kabisa na mahitaji ya mwaka, kwa hiyo hakuna tone la kupoteza. Na ili familia ivuke siku 210 za ukavu inahitaji ghala la lita 21,000, karibu mara mbili ya lile la Dar es Salaam. Sheria ndogo inayosema tu kwamba kila nyumba iwe na tangi, ikanakiliwa kutoka halmashauri moja hadi nyingine kwa kubadilisha jina la wilaya, haijaitazama mvua ya mahali popote.

Tangi la plastiki la lita 10,000 linauzwa kwa zaidi ya shilingi milioni moja, kabla hujajenga msingi wa kulikalia na kununua mabomba. Gata fundi atalifunga kwa siku moja au mbili. Tangi la kiasi hicho, kwa mtu wa kipato cha chini, ni mapato ya miezi mingi. Kwa hiyo mwananchi akilazimishwa bila kusaidiwa atafanya linalowezekana: atafunga gata, ataweka tangi dogo kuliko yote yanayoruhusiwa, na faili lake litafungwa. Takwimu za halmashauri zitapanda. Maji yaliyohifadhiwa hayatapanda.

Na ni nani atakayebanwa? Sehemu kubwa ya wakazi wa Dar es Salaam wanaishi kwenye makazi yaliyojengwa bila mpango, ambako kibali cha ujenzi hakikuombwa wala hakikutolewa. Sharti linalopitia kwenye kibali haliwafikii hao kabisa, nao ndio wanaouziwa maji kwa dumu kwa bei inayomzidi mwenye bomba. Wengi wao ni wapangaji. Mpangaji hana paa. Anakaa chumba kimoja au viwili katika nyumba yenye vyumba sita, uani kuna nafasi ya kuanika nguo na kupikia, na tangi lingekuwa mali ya mwenye nyumba anayekaa mtaa mwingine. Mwenye nyumba naye halioni hitaji lake, kwa sababu anayehangaika na maji si yeye. Mjumbe wa mtaa akija na karatasi ya faini, atamkuta nani mlangoni? Atamkuta mpangaji. Sheria isiyomtaja mwenye nyumba kwa wazi itamwangukia asiye na mamlaka hata ya kupigilia msumari kwenye kenchi.

Watetezi wa kulazimisha hupenda kutaja nchi za wenzetu, na mfano wanaoupenda ni Chennai. Mwaka 2003, serikali ya jimbo la Tamil Nadu nchini India, chini ya Jayalalithaa, iliamuru majengo yote, ya zamani na mapya, yawe na mfumo wa kuvuna mvua, na wakaidi wakatishiwa kukatiwa huduma ya maji. Amri ile haikupita bure. Sehemu kubwa ya mifumo ya huko huelekeza maji ardhini, na katika miaka iliyofuata kina cha maji kwenye visima kilipanda. Lakini mwaka 2019 mabwawa manne yanayoutegemeza mji huo yalikauka, na Julai mwaka huo treni ikawa inaleta maji kutoka Jolarpettai, lita milioni 2.5 kwa safari. Wachunguzi walipokwenda kuitazama mifumo ya majumbani, walikuta mingi imeziba, au ilijengwa kwa haraka ili kukwepa adhabu ikaachwa hapo. Mkaguzi alikuja mara moja, mwaka wa amri. Baada ya hapo hakuna aliyeuliza kama maji yanaingia.

Kinyume cha hapo ni Bermuda, kisiwa cha Atlantiki kisicho na mito wala maziwa. Kule nyumba kukinga mvua ni sharti la kisheria, na kanuni za mwaka 1951 zilisema wazi kiasi gani. Angalau sehemu nne kati ya tano za paa zipeleke maji kwenye tangi, na tangi liwe na ujazo wa galoni 100 kwa kila futi 10 za mraba za eneo la kukingia. Kwa vipimo vyetu hizo ni lita 490 hivi kwa kila mita ya mraba. Nyumba yetu ya mita 80 ingetakiwa kuwa na ghala la lita 31,000 na zaidi. Tangi hulazwa chini ya nyumba na kujengwa pamoja na msingi, kwa hiyo gharama yake iko ndani ya gharama ya kujenga tangu siku ya kwanza. Na kuna wajibu wa kudumu: paa litunzwe safi, tangi lisafishwe angalau mara moja kila miaka sita.

Mtu ataniambia: basi umekubali, kulazimisha kunafanya kazi. Nakubali kwamba sheria inafanya kazi pale inapotaja ujazo, pale gharama yake inapoingia ndani ya ujenzi badala ya kuja baadaye, na pale usimamizi wake hauishi siku ya kibali. Bermuda ni nchi tajiri, na hata hivyo haikuishia kusema neno tangi. Wanaotaka kutunga sheria kali kwa nchi maskini wanapaswa kuwa makini zaidi ya hapo, kwa sababu kosa lao litalipwa na watu wenye kipato kidogo.

Upo upande wa pili wa mjadala huu, nao unatoka kwa watu wa afya. Wanasema matangi na mapipa ni mazalia ya mbu, na kwamba maji ya paani ni machafu. Hofu yao ina msingi. Dar es Salaam ilipata mlipuko wa dengi mwaka 2014 na tena mwaka 2019, na mbu anayeeneza dengi hupenda maji yaliyotulia kwenye vyombo karibu na watu. Wahenga walisema akiba haiozi. Akiba ya maji huoza, ikiachwa wazi. Matokeo yake ni kwamba mwananchi anabanwa na maofisa wawili wa halmashauri moja: wa maji anamwambia aweke pipa, na bwana afya anamtishia faini kwa viluwiluwi vilivyomo ndani ya pipa hilohilo.

Dawa ya mgongano huo si kuchagua mshindi kati ya maofisa wawili. Sheria iseme kwa ufundi chombo kiwe namna gani: kifuniko kinachobana, wavu mwembamba kwenye kila tundu la kuingilia na la kufurikia, bomba la kuchotea chini ili mtu asitumbukize kopo, na namna ya kumwaga maji ya mwanzo yanayosafisha vumbi na kinyesi cha ndege paani. Maji hayo ya mwanzo si mengi. Kwa paa la mita 80, nusu milimita hadi milimita moja ni lita 40 hadi 80, madumu mawili hadi manne. Yakishapita, yanayofuata ni maji mazuri ya kufulia, kuogea na kupikia, na yakichemshwa au kutiwa dawa yanafaa kunywa.

Usafi nao upimwe kwa kulinganisha na yale ambayo watu wanayatumia sasa. Kisima kifupi kilichochimbwa hatua chache kutoka chooni, kama vilivyo vingi katika mitaa iliyobanana, kina hatari kubwa kuliko paa. Visima vya karibu na bahari vinatoa maji ya chumvi. Na kwenye miteremko ya Mlima Meru, ambako maji ya chini ya ardhi yana floridi nyingi inayoharibu meno, na ikizidi huharibu hata mifupa ya watoto, maji ya mvua hayana tatizo hilo. Mzazi wa Arumeru anayekinga mvua analinda afya ya mwanawe kuliko anayemchotea kisimani. Sheria ya afya inayolitazama tangi kama adui peke yake inamrudisha mzazi huyo kwenye floridi.

Sasa twende kwenye mapaa ambayo hayatajwi. Ghala la bidhaa kwenye barabara ya Nyerere lenye paa la mita 5,000 za mraba, ikinyesha mvua ya milimita 50 kwa siku moja, linamwaga lita 250,000. Safu ya maghala kumi ni lita milioni mbili na nusu, zinazoingia mtaroni kwa wakati mmoja na kuteremkia bonde la Msimbazi, zikafika Jangwani na Kigogo ndani ya nyumba za watu. Huyu mwenye ndoo tatu uani si yeye anayeujaza mto. Wajibu wa kwanza wa kuzuia maji ungempasa mwenye paa linalotoa maji mengi, mwenye eneo la kuchimba tangi, na mwenye fedha ya kulijenga. Angefaidika pia, kwa kuwa maji hayo yangefaa kuoshea, kupozea mitambo na kusukumia vyoo, na maji ya bomba yangebaki kwa kaya.

Tunakumbuka Oktoba 2022, pale Mto Ruvu ulipopungua na uzalishaji wa maji ya Dar es Salaam, ambao kwa kawaida ulikuwa lita milioni 466 kwa siku, ukashuka hadi milioni 300 hivi. Mgao ukaingia kila mtaa. Mji huohuo, masika ya 2024, ulikuwa ukiokoa watu kwenye mafuriko. Viongozi walizungumza kana kwamba ni mikasa miwili isiyohusiana. Ni mkasa mmoja wa mji usio na ghala: ukinyeshewa unazama, mvua ikikatika una kiu.

Serikali yenyewe ndiyo mwenye paa mkubwa kuliko wote. Mwaka 2021, kwa mkopo wa kukabiliana na UVIKO-19, yalijengwa madarasa 15,000 nchini. Tukikadiria mita 60 za mraba za bati kwa kila darasa, hizo ni mita 900,000 za paa jipya: kila milimita moja ya mvua juu yake ni lita 900,000. Mangapi kati ya hayo yalikabidhiwa yakiwa na gata na tangi? Kila diwani anaweza kutembea kwenye shule za kata yake na kujihesabia. Watoto wanaobeba dumu la maji kutoka nyumbani kwenda shuleni ni jambo la kawaida katika nchi hii, na wanayabeba kupita chini ya mapaa yaliyomwaga maelfu ya lita wiki iliyotangulia. Halmashauri inayotaka kumtoza faini mzazi wa mtoto huyo haijaanza kazi yake.

Ninajua pingamizi kubwa zaidi: bila kulazimisha, hakuna kitakachofanyika. Silikatai sharti. Ninachotaka ni sharti lipande kulingana na paa na uwezo. Sheria ndogo ya haki ingeanza na majengo yote ya umma, kisha viwanda, maghala, hoteli, maduka makubwa na majengo ya ghorofa, yakiwekewa ujazo wa chini kwa kila mita ya mraba ya paa kulingana na urefu wa kiangazi cha wilaya husika. Kwa nyumba mpya kubwa za watu wenye uwezo, pamoja na hizi za paa la kuficha ambazo tayari hukusanya maji yote kwenye mabomba machache na kuyamwaga nje ya geti, tangi la chini ya ardhi liwe sehemu ya michoro na sehemu ya msingi. Nyumba ya kupangisha iwe jukumu la mwenye nyumba kwa jina lake, na mpangaji asiguswe. Nyumba ndogo ya familia isitozwe faini yoyote kwa kukosa tangi. Isaidiwe.

Msaada huo una njia. Kuna wanaopendekeza msamaha wa kodi ya jengo kama motisha, lakini kodi hiyo kwa nyumba ya kawaida, inayokatwa kwenye umeme, ni shilingi 18,000 kwa mwaka tangu 2023. Kuisamehe hakununui hata mabomba. Njia yenye uzito ni mkopo. Halmashauri zinatenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Kikundi cha mafundi vijana wanaojenga matangi ya saruji na waya kinaweza kukopeshwa mtaji huko. Kikundi cha kina mama kinaweza kukopa ili kijengeane matangi kwa zamu, kama wenzao wa mabati walivyoezekeana. Mamlaka za maji zinaweza kukopesha matangi na kudai kidogo kidogo kwenye ankara. Na mahali ambapo viwanja ni vidogo mno, tangi moja kubwa kwenye shule, zahanati au nyumba ya ibada linaweza kuhudumia mtaa, jinsi jabia lilivyohudumia kijiji.

Mwisho, ukaguzi ubadilishwe wakati. Mkaguzi anayefika siku ya kibali anakuta michoro. Mkaguzi anayefika Juni, masika yakiwa yamekwisha, anakuta ukweli: tangi lina maji au halina, limefunikwa au liko wazi, gata limeziba au limesafishwa. Taarifa anayoipeleka kwenye baraza iwe ya lita zilizohifadhiwa, na ianze na lita za majengo ya halmashauri yenyewe.

Diwani atakayeletewa rasimu ya sheria ndogo ya maji ya mvua, kabla hajanyoosha mkono, aiulize mambo manne. Inataja ujazo unaolingana na mvua ya wilaya yetu? Inamtaja nani alipe katika nyumba ya kupangisha? Inawapa nini wasio na uwezo kabla ya kuwadai chochote? Na tarehe ya utekelezaji kwa shule, zahanati na ofisi zetu ni lini? Rasimu isiyojibu hayo irudishwe kwa walioiandika. Haki ya kumbana mwananchi kwa mvua inayoanguka juu ya nyumba yake itapatikana pale serikali ya mahali hapo itakapokuwa imekinga inayoanguka juu ya mapaa yake yenyewe.